Bega la Nusu kwa Nusu

Nilipoambiwa nitatolewa uvimbe wa mafuta nyuma ya bega, sikuwaza maumivu. Niliwaza gauni. Lilikuwa la mtumba, la kijani, limekatwa mgongoni kana kwamba fundi aliishiwa kitambaa, nami nilikusudia kulivaa kwenye harusi ya rafiki yangu. Tatizo ni kwamba ukoo wetu una ngozi yenye kiburi. Ukiikwaruza haiponi ikanyamaza. Inainuka, inatuna, inang'aa, mpaka kovu linamtangulia mwenyewe kuingia sebuleni.

Daktari aliyenipasua, kijana mpole mwenye sauti ya chini, aliiona ngozi yangu akafurahi kupita nilivyopenda. Hospitalini walikuwa wanafanya utafiti, akaniambia. Kulikuwa na utepe laini, kama nailoni iliyolowa, unaobandikwa juu ya kidonda kikishafunga ili kovu lisitune. Walitaka kujua kama unasaidia kweli. Kwa hiyo wangebandika nusu ya juu ya kovu langu, nusu ya chini ikaachwa ipone yenyewe, halafu wangelinganisha.

"Ngozi ni ileile, mtu ni yuleyule," alisema. "Tofauti ikitokea, tutajua imeletwa na nini."

Nilikubali. Kwa kuwa mkono wangu haukufika huko nyuma, mama mkubwa, niliyekuwa nikiishi kwake Chang'ombe ya Dodoma, aliitwa ili aelekezwe kubandika. Yeye alikuwa akiuza mitumba sokoni, na aliweza kupatana bei ya kitu ambacho hata hakukitaka.

"Kwa nini nusu?" alimuuliza daktari.

"Ndio utafiti wenyewe, mama."

"Enzi za kupanga foleni ya sukari ningekuelewa. Siku hizi kila kitu kipo dukani. Mpe nzima."

Daktari alieleza tena, taratibu. Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa, na mimi niliyemjua nilipaswa kushtuka, maana hakuwa mtu wa kuitikia upesi hivyo.

Nyumbani alinihudumia bila kukosa. Asubuhi na jioni nilikaa kwenye kigoda, yeye nyuma yangu, akibandua, akiosha, akibandika. Alinipaka na mafuta mgongoni, jambo ambalo sikulitilia maanani. Upepo wa Dodoma hukausha ngozi ikawa kama gunia, naye amenipaka mafuta tangu utoto wangu.

Siku ya kupimwa ilipofika, utepe tuliubandua nyumbani kama tulivyoagizwa. Mpimaji alikuwa daktari mwingine, mwanamke wa makamo mwenye miwani, na alipewa kazi hiyo kwa sababu hakujua upande upi ulibandikwa.

"Naomba mtu yeyote asiniambie," alisema.

"Hata mimi?" akauliza mama mkubwa.

"Hasa wewe, mama."

Alibonyeza juu, akabonyeza chini. Akaweka rula. Akasogeza taa. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye benchi, midomo ameibana kama aliyebeba maji mdomoni.

"Sioni tofauti," alisema daktari hatimaye. "Juu na chini zinafanana."

"Zitaachaje kufanana?" Maji yakamwagika. "Ya juu imekula utepe wenu, ya chini nimeipaka mafuta ya nyonyo na asali kila siku. Ningemwachaje mtoto wa mdogo wangu na bega la ubaguzi?"

Daktari alivua miwani. Yule kijana aliitwa, akasimuliwa, akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Mama," alisema alipoweza, "sasa hatujui kama ni utepe, au nyonyo, au ngozi yake tu imeamua kutulia."

"Si amepona?"

"Amepona. Lakini akija mgonjwa mwingine kesho, nimwambie nini?"

Mama mkubwa aliinuka kwenye benchi.

"Mngesema kwamba ni kwa ajili ya wengine," alisema polepole. "Mimi nilidhani mnabana matumizi. Nisamehe, mwanangu."

Nilitolewa kwenye utafiti siku hiyohiyo, na niliona uchungu, maana ofisini kwangu nilikuwa nimeshajitangaza kwamba nimo kwenye utafiti. Hata hivyo nilipewa utepe wa kovu zima. Harusini nilicheza nimewapa watu mgongo, wala hakuna aliyeuliza kitu. Baadaye kovu lilituna kidogo, juu na chini sawasawa, likaishia hapo.

Muda mrefu ukapita, nikakutana na yule daktari kijana akinunua zabibu sokoni. Nilimuuliza utafiti uliishaje. Akasema utepe uliwasaidia baadhi, wengine haukuwafanyia kitu, na bado walikuwa wanataka kujua kwa nini. Kisha akaniambia kwamba siku hizi wakipata mgonjwa mpya wanaanza kumweleza yule atakayembandika, mpaka aridhike kabisa, ndipo wanamgeukia mwenye kovu.