Spana ya Plagi na Kipande cha Sabuni

Siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo waliamua kwamba pikipiki ya marehemu mume wangu itabaki kwangu ikiwa inawaka. Isipowaka, iuzwe, na shemeji yangu asimamie. Shemeji aliipiga teke mara tano mbele yao, ikagoma. Wakanipa hadi Jumapili. Nilimwona shemeji akitulia kama mtu aliyetua mzigo.

Ugonjwa wa pikipiki hiyo niliujua. Mara nyingi mume wangu alifungua plagi, akaisugua masizi kwa msasa, ikawaka. Lakini kwenye mfuko wa vifaa chini ya kiti vitu vyote vilikuwepo isipokuwa spana ya plagi. Nilimshuku shemeji. Nilimshuku na fundi wa pale Buzuruga, aliyekuja kutoa pole akakaa karibu na pikipiki kuliko karibu na sisi. Gereji sikutaka kuipeleka. Pikipiki ya mjane ikilala gereji, hurudi na kabureta ya mwingine.

Spana hizo zina ukubwa tofauti, na wa yetu sikuujua. Kuipima plagi vizuri lazima uitoe, na haitoki bila spana. Nikalainisha kipande cha sabuni ya kufulia kwa maji moto, nikakikandamiza juu ya plagi mpaka pembe zake sita zikajichora. Nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda mjini.

Biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imeshafunguliwa, na maduka ya vipuri yalijaa vitu vya kung'aa. Mimi vya kung'aa vilikuwa vinanitia wasiwasi.

"Mama, umekuja kununua au kufua?" muuzaji aliuliza alipoiona sabuni. Wateja wakacheka.

"Nataka spana ya plagi inayolingana na alama hii."

Akanipa kubwa. "Pikipiki zote za mji huu zinatumia hii."

Nikaweka mdomo wake juu ya alama. Ukaipita kwa upana.

"Sabuni imesinyaa, mama. Chuma hakisinyai."

Nikasita, maana sabuni kweli husinyaa. Lakini kwa mwendo wa asubuhi moja?

"Nipe ndogo yake."

"Utairudisha hiyo."

"Nitairudisha mwenyewe."

Mdomo wa ndogo ukalingana na alama, pembe kwa pembe. Nikachungulia ndani kama ina mpira wa kushika shingo ya plagi isivunjike. Ulikuwepo. Hapo ndipo nilipomshuku na muuzaji: kwa nini aling'ang'ania kubwa? Labda ndizo zilizojaa dukani kwake. Labda alisema alichoamini tu. Nilinunua ndogo bila kumuaga.

Nyumbani plagi iligoma kwanza, kisha ikalegea, ikatoka nyeusi tititi. Niliisugua, nikairudisha kwa vidole kabla ya kukaza, kama nilivyomwona marehemu akifanya. Teke la tatu, ikanguruma. Nikaizima upesi, jirani asisikie.

Jumapili shemeji alikuja na wazee, na mwanamume nisiyemjua. Kumbe mnunuzi alikuwa tayari. Nikakunja kanga, nikapiga teke, ikanguruma.

"Fundi gani kakutengenezea?" shemeji aliuliza.

"Mimi."

"Acha utani, shemeji."

Akainama kwenye plagi, akatafuta makovu ya koleo, kama plagi iliyofunguliwa bila spana. Hakuona. Akainama tena upande wa pili.

"Zima, mama," mzee mmoja akasema. "Tumesikia."