Siku Katwe Ilipomwita Luka

Kabla mbwa wangu hajawa wangu, alilelewa na jirani yangu, fundi wa sigiri hapa Katwe. Fundi huyo ni Muganda aliyewahi kuwa askari, na Kiswahili alikiokota kambini. Huko huko aliokota imani kwamba mbwa haelewi lugha nyingine. Mkewe humsemesha kwa Kiganda, wateja kwa Kiganda, hata kuku kwa Kiganda. Lakini mbwa ni Kiswahili tu, tena cha amri. "Kaa!" "Kuja!" Na akitaka arukie meza: "Luka!"

Mimi nimezaliwa Mombasa, mambo haya hunikera. Nikamwambia, "Fundi, ni ruka."

"Si ndiyo nasema hivyo, nyabo?" Nyabo ni bibie kwao. "Luka."

"Ru-ka."

"Lu-ka," akanijibu kwa upole, kana kwamba mwenye tatizo ni mimi.

Mbwa alipohamia kwangu, niliapa kumfundisha upya. Nilisimama uani na mfupa mkononi nikisema ruka, ruka, mpaka ulimi ukachoka. Aliniangalia kwa adabu, kisha akakaa chini.

Muzigo wangu, chumba kimoja cha kupanga, uko nyuma ya karakana ya fundi, mahali pa chini kabisa. Mvua ikizidi, mtaro hufurika na kichochoro chetu hugeuka mto. Nimewahi kuona mbwa wa watu amekufa maji shingo ikiwa kwenye mnyororo, mwenyewe keshakimbia na televisheni yake. Nilikasirika wiki nzima. Tangu hapo nina sheria zangu na sitaki ubishi: wingu likishika, mnyororo unafunguliwa, chakula cha mbwa kinafungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, maji yasiingie, na sisi wawili tunavuka kwenda kwenye baraza ya stoo iliyo ng'ambo, iliyoinuliwa kwa saruji. Tunakwenda mapema, si maji yakishafika magotini.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya alasiri ile hayakuwa ya mzaha. Fundi alikuwa ameshuka sokoni Kikuubo kununua misumari. Nikafungua mnyororo, nikabeba kaveera, tukavuka kichochoro kikiwa bado kikavu. Nilijiona bingwa! Majirani walikuwa bado wanahangaika kuanua nguo, na mimi nimeshafika salama na mbwa wangu.

Ndipo radi ikapasuka juu ya vichwa vyetu. Mabati yote ya Katwe yalilia kwa pamoja, mvua ikamwagika. Mbwa alinichomoka mkononi, akarudi mbio alikokuzoea tangu utotoni, juu ya lundo la mapipa makuukuu ambayo fundi huyakata kutengenezea sigiri. Nikateremka kumfuata, lakini maji kutoka mitaa ya juu, kulikotangulia kunyesha, yalikuwa yameshafika, mekundu, mazito, yakibeba vipande vya bati vyenye makali. Mguu ungekatwa humo, wa mbwa au wa mtu. Nikapanda tena barazani.

Lundo lilianza kulika chini. Pipa la kwanza likang'oka likaenda zake. Mbwa akahamia la juu yake, akitetemeka, macho kwangu. Kati yetu kulikuwa na kichochoro tu, na akijitupa kwa nguvu angeweza kuufikia ukingo wa baraza.

"Ruka!" nikapiga kelele. "Ruka, mwanangu, ruka!"

Akakaa chini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama. Nilivuta pumzi, nikakitupa Kiswahili cha Mombasa majini, nikapaza sauti ambayo fundi mwenyewe angeisikia Kikuubo: "Luka! Lukaaa!"

Masikio yake yakasimama. Alijikunja, akataka, akaogopa upana wa maji. Nami nikaendelea kuita kama mwendawazimu, "Luka! Luka!", bila kujua kwamba si yeye tu anayesikia.

Mabaraza ya upande wetu yameungana. Niligeuka nikakuta watu wanakuja mbio: wachomeleaji wawili na ngazi mpya ya chuma, na nyuma yao mama mmoja muuza mataulo, mzigo mgongoni, mikono kichwani, akilia, "Bannange! Omwana! Omwana Luka!" Jamani, mtoto!

Ilinichukua muda kuelewa. Mwanamke yuko kwenye mafuriko, analia, anamwita Luka. Kwa masikio ya Katwe, Luka ni jina la mtoto, la kanisani kabisa.

Wachomeleaji hawakungoja maelezo. Walilaza ngazi kutoka barazani hadi kwenye dirisha la karakana, mbele tu ya lile lundo, na mmoja akaanza kutambaa juu yake, mvua ikimpiga mgongoni. Mwenzake akaikalia ncha ya huku.

"Mama, mtoto iko wapi?" akauliza yule wa juu. "Luka iko ndani?"

Nilitamani kunyamaza, Mungu anisamehe. Hatua chache zaidi na angemfikia mbwa wangu. Lakini chini yake mabati yalikuwa yanapita na maji, na yule kijana ana mama yake mahali fulani.

"Luka si mtoto!" nikapaza sauti. "Ni mbwa! Rudi, utaanguka! Ni mbwa tu!"

Akasimama katikati ya ngazi. Akamtazama mbwa. Akanitazama mimi. Mvua ilikuwa inamtiririka puani.

"Mbwa," akasema.

"Mbwa."

"Sasa mimi nimeshalowa," akasema, na akaendelea kutambaa.

Alipofika mbele ya lundo akanyoosha mkono, akamwita kwa Kiganda, kwa upole kabisa. Mbwa akarudi nyuma. Pipa likainama. "Mwambie luka!" nikamwambia. "Luka!" akaita. "Luka!" akaitikia mwenzake. Na mama wa mataulo, ambaye machozi hayajamkauka, naye akapiga kelele, na watu wa baraza nzima, na waliokuwa madirishani, wote kwa sauti moja, "Lukaaa!"

Mbwa akaruka.

Alimgonga yule kijana kifuani, ngazi ikapinda, pipa likang'oka na kuondoka na maji. Kijana akamng'ang'ania mbwa kwa mkono mmoja na ngazi kwa mwingine, na sisi tukawavuta wote wawili kwa shati, kwa mkia, kwa chochote kilichoshikika. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilicheka na kulia papo hapo na sikuona haya.

Mama wa mataulo alikuja akasimama mbele yangu, amekunja uso.

"Wewe nyabo. Mimi nilishaomba Mungu. Nilimwambia, okoa huyo mtoto. Sasa nimwambie nini, eti ilikuwa mbwa?"

Katika mji huu sina ndugu, na watu hawa walikuwa wamekuja mbio kwa ajili ya mtoto wangu ambaye hayupo. Nikaanza kuomba radhi. Hakuningoja. Alichomoa taulo jipya kwenye mzigo wake, lile la kuuza, akachuchumaa kwenye saruji, akaanza kumpangusa mbwa masikio.

"Shika mtoto wako vizuri," akasema. "Anatetemeka."