Sista Anataka Mkoba Wake wa Dawa

Kwa miaka ishirini na minane Sista amekuwa akiwapokea watu wanaokuja duniani, na kwa miaka tisa ya mwisho, akishavua sare na kula, amekuwa akisaidia kuwaondoa. Hilo la pili halimo kwenye faili lake la utumishi. Wodi ya wazazi inamjua kama mkunga mkuu mwenye sauti moja tu, ya chini, ambayo madaktari vijana huiogopa kuliko king'ora. Wachache sana wanajua kwamba mama huyo wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na viatu vyeupe vya mpira, ni mkongwe wa Kikosi cha Kutu, gemu ya kupigana risasi ambayo imekuwa ikitoka toleo baada ya toleo tangu wazazi wengi wa leo wakiwa chekechea.

Mambo yalianza binti yao alipoenda chuo. Aliondoka na vitu vyote vya maana, akaacha mashine ya gemu chini ya televisheni na wazazi wawili kwenye kochi. Mume wa Sista ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima hukaa kiti cha pembeni akisema "taratibu, taratibu" kwa watu wanaokaribia kumuua, kwa hiyo akifika nyumbani huwa maneno yamemwishia. Binti ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba ya nyumba nzima. Alipoondoka, ilibainika kwamba mke na mume walikuwa na mada mbili tu: bomba la jikoni linalovuja, na kama geti limefungwa. Siku bomba lilipotengenezwa, ikabaki moja.

Jumapili moja asubuhi Mwalimu akaiwasha ile mashine, eti aone kama bado inafanya kazi. Ndani kulikuwa na toleo la tatu. Skrini ikagawanyika nusu mbili, juu na chini, na gemu ikauliza mchezaji wa pili yuko wapi. Sista, aliyekuwa anakunja nguo, akaokota padi ya pili ya kuchezea kwa nia ya kuiondoa kochini. Siku hiyo chakula cha mchana kililiwa saa kumi na moja.

Lazima nieleze gemu yenyewe ilivyokuwa, maana kesi yote iko hapo. Katika matoleo ya zamani, askari akipigwa risasi alianguka na kubaki pale pale. Hakufa, lakini hakuweza kuinuka mwenyewe. Ilibidi mwenzake mwenye mkoba wa dawa amfikie, apige goti, amfunge bendeji kwa sekunde sita nzima huku risasi zikipita juu ya vichwa vyao. Sekunde sita ni nyingi mno mtu anapokulenga. Sista alibeba mkoba tangu siku ya kwanza, wala hakuna aliyemwomba. Na Mwalimu, bwana ambaye barabarani hajawahi kugusa hata jiwe la ukingoni, kwenye gemu alitoka mbio kila mlango ulipofunguka, na kila alipotoka mbio alianguka.

"Niko chini, Sista."

"Umeumia wapi?"

"Haisemi."

"Usisogee. Nakuja."

Mazungumzo hayo yalirudiwa mara thelathini kwa jioni moja, kwa miaka minane. Kuna ndoa zinazoishi kwa kidogo kuliko hicho. Na katikati ya bendeji mambo mengine yakapata pa kupenya: kwamba mwanafunzi wa leo alisimamisha gari katikati ya mzunguko akalia, kwamba wodini kuna mama aliyempoteza mtoto, na Sista hakupata hata dakika ya kukaa naye. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza akiwa amepiga goti, sekunde sita zinaisha, vita inaendelea.

Kisha likaja toleo la saba. Kampuni ilitangaza kwamba limetengenezwa "kwa mapenzi makubwa kwa mashabiki wetu," maneno ambayo mtu mzima akiyasikia hupapasa mifuko yake kwanza. Mwalimu alichukua likizo ya siku moja kwa heshima ya tukio hilo.

Skrini ya watu wawili ilikuwa imeondolewa. Kila mtu sasa na televisheni yake na mashine yake. Mkoba wa dawa nao haukuwepo. Askari akipigwa risasi alijibanza nyuma ya pipa, akahema mara nne, damu ikakauka yenyewe. Ili mashabiki wasijione wameibiwa, walipewa fidia: askari aliweza kuteleza kwa magoti kutoka ukuta hadi ukuta, kucheza dansi juu ya maiti, na kuvaa kama kuku.

Sista alimtazama askari mwenye risasi saba kifuani akipona nyuma ya pipa.

"Huyu ametibiwa na nani?"

"Amejitibu," alisema Mwalimu.

"Kwa dawa gani?"

"Kwa kupumzika."

Sista akavaa miwani yake, akaangalia tena. "Kesho nawaambia wodini," alisema. "Tufunge maabara, kila mgonjwa tumpe pipa lake."

Mtu atauliza kwa nini wasirudi toleo la sita wakaishi kwa amani. Walijaribu. Mashine ya zamani ilikufa mwezi huo huo, na mashine mpya waliyonunua haikukubali diski za zamani, hatua ambayo kampuni ilisema ni kwa ajili ya usalama wao. Basi wakanunua mashine ya pili na televisheni ndogo, wakaiweka chumbani kwa binti. Wakawa wanacheza ukuta katikati, kila mmoja na hedifoni zake, kama watu wanaotembeleana gerezani.

"Niko chini," alisema Mwalimu jioni ya kwanza, kwa mazoea.

Sista akakimbia mitaa miwili ya mji uliobomoka, akapanda ukuta, akapita katikati ya moto. Alipofika, Mwalimu alikuwa wima anabadilisha risasi.

"Aa, nimeshapona."

"Hongera," alisema Sista.

Baada ya wiki tatu akadai ana ripoti za wodi za kuandika. Mwalimu akabaki chumbani kwa binti, akiendelea kupigana peke yake. Mada ya geti ikarudi kazini.

Sista si mtu wa kununa. Ni mtu wa kujaza fomu. Aliiandikia kampuni barua ya kurasa mbili, yenye adabu, akiomba mkoba wake. Jibu lilifika baada ya sekunde tatu, jambo lililomfanya ashuku kwamba halikuwa limesomwa. "Mpendwa Shabiki," lilisema, "sauti yako ndiyo inayotujenga. Pokea kofia ya dhahabu kwa ajili ya askari wako." Kofia hiyo ilikuwa na manyoya.

Hapo ndipo alipoingia kwenye jukwaa la mashabiki mtandaoni, akidhani yuko peke yake na shida yake. Alikuta watu elfu arobaini wanalia. Kila mmoja alitaka kitu chake cha zamani, na kila mmoja aliamini wenzake ni wajinga. Wapo waliotaka bunduki ya toleo la pili. Wapo waliotaka ramani ya kiwanda cha mikate. Mmoja aliyejiita Bawaba aliandika kila siku, kwa miezi minne, akidai mlango wa chuma wa toleo la nne ulikuwa unalia vizuri zaidi ulipofunguliwa, na kwamba bila mlio ule haoni sababu ya kufungua mlango wowote. Walitukanana kwa ufundi. Kampuni ilikaa kimya ikifurahia, kwa sababu wateja wanaogombana wenyewe kwa wenyewe hawana muda wa kuigombeza kampuni.

Sista alisoma kwa siku mbili. Makelele hayakumtisha, kazini kwake makelele ni dalili kwamba watu wako hai. Siku ya tatu akaandika: "Humu ndani kila mtu anasukuma na hakuna anayezaa. Naomba kila mmoja aseme kitu kimoja tu alichokuwa anafanya na mtu mwingine, ambacho sasa hawezi."

Kisha majibu yakaanza. Dereva wa lori alikuwa akicheza na kaka yake kila anaporudi safari. Hawajacheza tangu mwaka jana. Mwanamke mmoja alicheza na baba yake, ambaye hakujua kulenga, akawa kazi yake ni kuanguka na kuinuliwa. Kinyozi na mteja wake. Mapacha waliohamia miji tofauti, wanaokutana likizo. Hata Bawaba akajitokeza. Aliandika kwamba mlango ule ulipolia, mke wake jikoni alijua amefika hatua ya tatu, akaja kukaa naye kuiangalia. Hakuna aliyemtukana siku hiyo.

Sista akaandika barua ya pili kama anavyoandika ripoti ya mgonjwa: dalili, zilianza lini, nini kilifanyika, nini kinapendekezwa. Mapendekezo yalikuwa mawili, skrini ya watu wawili na mkoba wa dawa. Watu elfu arobaini na moja wakatia saini, na mbele ya namba hiyo kompyuta ya kampuni ilishindwa kujibu ndani ya sekunde tatu.

Wakamwita kwenye mkutano wa video. Alikaa mezani akiwa na sare, maana alikuwa ametoka zamu. Upande wa pili alitokea kijana mwenye fulana nyeusi, akajitambulisha kuwa Mkuu wa Furaha ya Wachezaji.

"Shikamoo, mama. Kwanza, tunawapenda sana mashabiki wetu."

"Marahaba. Nimeona."

"Shida ni takwimu. Asilimia tisini ya wachezaji hawapendi kulala chini wakisubiri kuhudumiwa."

"Na hiyo kumi iliyobaki ni akina nani?"

Kijana akapekua karatasi. "Hao wanacheza wawili wawili. Ndugu, wenza, mzazi na mtoto."

"Mliwauliza wanaonaje kusubiri?"

"Hapana. Hao kwa kawaida hawalalamiki."

"Wodini kwangu, asiyelalamika ndiye ninayemwendea kwanza," alisema Sista.

Kijana aliandika kitu, au alijifanya kuandika. Kisha akauliza, kwa upole wa kweli, kama kofia ya dhahabu ilifika salama.

"Ilifika," alisema Sista. "Ina manyoya."

Miezi miwili baadaye kampuni ikatangaza kwa vishindo kwamba imebuni kitu kipya kabisa ambacho hakijawahi kuonekana: mkoba wa dawa. Skrini ya watu wawili nayo ikazinduliwa kama uvumbuzi. Mara ya kwanza bendeji ilichukua sekunde moja na kumwaga vipande vya karatasi za rangi hewani, kama harusi. Jukwaa likawaka moto. Wakarekebisha, zikarudi sekunde sita, na karatasi zikaondolewa. Hapo mashabiki wale wale waliotia saini wakaanza kuandika kwamba sekunde sita ni nyingi, kwamba mkoba wa zamani ulikuwa wa kijani kilichokolea zaidi, na kwamba kampuni haiwasikilizi. Sista alisoma ukurasa mmoja, akafunga kompyuta.

Jumamosi hiyo mchana Mwalimu aliibeba televisheni ndogo akaitia stoo, akakaa upande wake wa kochi. Skrini ikagawanyika. Sista akachukua mkoba, akakaa mkao wa kazi, akangoja.

Dakika kumi zikapita. Kisha ishirini. Mwalimu alifungua milango taratibu. Alichungulia kabla ya kuvuka. Alilenga, akapiga, akaenda mbele, wala hakuanguka hata mara moja. Sista alitembea nyuma yake kama mtu aliyealikwa kwenye shughuli akakuta imekwisha.

"Umekuwa hodari," alisema mwishoni, na haikuwa sifa.

"Miezi yote ile nilikuwa peke yangu kule chumbani," alisema Mwalimu. "Hakukuwa na wa kuja. Ikabidi nijifunze."

Hakusema kwa kulaumu, ndiyo maana ilimchoma. Sista aliiweka padi mapajani. Alikuwa amepigana na kampuni nzima ili arudishiwe mgonjwa wake, kumbe mgonjwa ameruhusiwa siku nyingi na hakuna aliyempa taarifa.

"Kule," alisema, "ulikuwa unaniambia mara ngapi kwamba uko chini, nami sipo?"

"Wiki ya kwanza, mara nyingi. Baadaye niliacha."

Kwenye skrini askari wao wawili walisimama kwenye korido wakihema, kila mmoja kwenye nusu yake.

"Lete bunduki," alisema Sista.

"Mkoba je?"

"Beba wewe. Leo nimechoka kuhudumia."

Mwalimu alishangaa, lakini akabadilisha. Mlango uliofuata ulipofunguka, Sista akatoka mbio, kitu ambacho hakuwa amekifanya katika miaka tisa ya vita, na kwa kweli ilikuwa raha. Raha hiyo ilidumu hatua nane.

"Niko wapi hapa?" aliuliza, akitazama dari.

"Uko chini. Ngoja, nakuja. Nabonyeza wapi?"

"Kitufe cha kushoto. Piga goti kwanza."

"Nimepiga goti."

"Hilo ni goti la kwenye ukuta, Mwalimu. Mimi niko nyuma yako. Taratibu."

Aligeuka, akapapasa, akamfikia, akabonyeza kitufe kisicho chake, na badala ya bendeji akamdondoshea bomu tumboni. Nusu zote mbili za skrini zikawa nyeupe.

"Samahani," alisema Mwalimu.

Sista alikuwa anacheka hadi miwani imemtoka shingoni.

"Wodini ningekuandikia barua ya onyo," alisema. "Haya, anza upya."