Bibi Alimtaka Dereva Mzee

Jumatatu za mwaka ule zilinukia mandazi na dawa ya kutakasa mikono. Mandazi yalikuwa ya baba, aliyeyakaanga kabla jua halijafika kwenye mapaa ya Quakers Hill, mtaa wetu. Dawa ilikuwa ya mama, aliyerudi asubuhi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliacha viatu nje ya mlango wa nyuma, akatia nguo zake kwenye mashine ya kufulia na kwenda kuoga kabla hajatusalimu. Harufu hizo mbili zilikutana kwenye korido, mbele ya chumba changu. Hata leo nikizinusa pamoja, nasikia sauti ya bibi yangu ikitoka kwenye simu, ikimtetea mchezaji ambaye hakuwahi kukutana naye.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sisi wa magharibi ya Sydney tulikuwa tumefungiwa kuliko wengine. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya nyumba zetu, na kila siku saa tano asubuhi wakubwa wa serikali walisimama kwenye televisheni kutaja idadi ya wagonjwa wapya. Ungeweza kutoka kununua chakula, kufanya mazoezi, au kwenda kazini kama kazi yako ilihesabiwa kuwa ya lazima. Mgeni hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Baba alipanga maboksi kwenye ghala moja huko Smithfield kuanzia saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi zilikuwa zake. Shule yangu ilikuwa ndani ya kompyuta, juu ya meza ya kulia chakula. Mwalimu alikuwa ametuagiza tuandike kila siku jambo moja tuliloliona nyumbani. Wenzangu wengi waliacha baada ya wiki moja. Mimi nilipiga mistari kwenye daftari, nikatenga safu ya saa, ya msemaji na ya maneno yake.

Familia yetu iligawanywa na makaratasi. Tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi, baada ya wazazi wangu kukimbia Kongo, faili la baba lilipelekwa Australia na la mdogo wake likapelekwa Amerika. Jina la Bibi, mama yao, lilikuwa kwenye faili la mdogo. Nilikuwa na miaka minne tulipoagana, na kwa miaka tisa iliyofuata Bibi kwangu alikuwa mtu wa kwenye simu.

Baba mdogo alipata kazi kwenye kiwanda cha kuchinjia nyama, katika mji wenye theluji nyingi. Huko alijifunza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao mpira wake una umbo la yai. Bibi alikaa naye mbele ya televisheni ili tu asiachwe peke yake chumbani, na kabla msimu wa kwanza haujaisha alikuwa anaujua mchezo kuliko mwanawe. Jumapili alasiri yao ilikuwa Jumatatu asubuhi yetu. Timu yao ilipocheza, Baba mdogo alitupigia simu ya video na kuiegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga ili tuone televisheni yake. Picha ilikatika mara kwa mara, na mpira wenyewe haukuonekana vizuri. Kilichoonekana vizuri, kwenye pembe ya kushoto, kilikuwa goti la Bibi, lililofunikwa blanketi la kijani.

Katika mchezo huo kuna mtu mmoja anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza, na ndiye anayeamua autupe mbali, ampe mwenzake aliye karibu, au akimbie nao mwenyewe. Jina lake ni kwotabeki, lakini nyumbani kwetu aliitwa dereva. Timu ya Baba mdogo ilikuwa na madereva wawili. Mmoja alikaribia miaka arobaini, mwenye ndevu za mvi na goti lililofungwa bandeji. Wa pili alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi tu, na alikimbia kana kwamba amesahau jiko linawaka nyumbani. Kocha alikuwa hajaamua. Baba alikuwa ameamua: alimtaka kijana. Bibi alimtaka mzee.

"Mama, ule mzee miguu imeisha," baba alisema, huku mafuta ya mandazi yaking'aa vidoleni mwake.

"Miguu ni ya nini?" Bibi alimjibu kutoka upande wa pili wa dunia. "Anacheza na macho. Ule mutoto wako anatupa mupira sawa vile mutu anafukuza kuku."

"Lakini anashinda!"

"Alishinda nani? Wale wa juzi? Wale hata miye ningewashinda na hii blanketi."

Baba mdogo alicheka mpaka simu ikaanguka, na kwa muda tukaona dari ya Amerika. Hakushika upande wowote. Alisema yeye anaishi na mmoja na anamheshimu mwingine, kwa hiyo anaomba aachwe ale kuku wake kwa amani. Mama, akiwa na taulo kichwani, alipita sebuleni na kuuliza kama mtu mzima anaweza kweli kugombana na mama yake kwa sababu ya Mmarekani. Bibi alimaliza kila ubishi kwa namna moja. Baba akikaribia kushinda, alisema, "Kaa kimya, wewe hujui mupira," na goti lile la kijani likatikisika kwa kicheko. Niliandika yote. Yeye alinisalimu kwa Kiswahili nami nikamjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku tulivyozoea, na hakunikemea hata siku moja.

Kisha ikaja Jumatatu ambayo goti halikuwepo. Blanketi lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Baba mdogo alisema Bibi amelala, ana mafua kidogo. Baba alisema asiamshwe. Wiki iliyofuata blanketi lilikuwa palepale, limekunjwa vilevile, na Baba mdogo akasema Bibi bado amechoka ila anafuatilia mchezo kutoka chumbani. Baba, kwa utani, akamwomba ampelekee ujumbe: kijana amepata alama mbili kabla ya mapumziko, sasa Mama anasemaje? Baba mdogo alitoka mbele ya simu. Nilihesabu muda kwa saa ya kompyuta. Haikufika hata nusu dakika, akarudi.

"Mama amesema sawa, kaka," alisema. "Amesema sasa na yeye anamtaka kijana."

Baba aliruka kutoka kwenye kochi. Alipiga makofi, akamwita mama aje asikie, akaenda hadi dirishani kana kwamba angeupasha mtaa mzima habari. "Amekubali! Mama mwenyewe amekubali!" Siku nzima alipiga mluzi, na alipoondoka kwenda Smithfield alisahau chakula chake cha jioni juu ya meza.

Mimi nilibaki na daftari. Nilirudisha kurasa nyuma, nikapitia maneno ya Bibi tangu mwanzo wa msimu. Hakuwahi kulegeza hata neno moja. Siku ambayo mzee alipoteza mpira mara tatu, Bibi alisema mpira wenyewe ulikuwa na mafuta. Mtu kama huyo habadiliki kwa alama mbili za kabla ya mapumziko. Nilimwandikia binamu yangu Esta, binti wa Baba mdogo, nikamuuliza Bibi yuko wapi. Jibu lake lilikuja haraka: hospitali, wiki ya pili, ana mashine ya hewa. Chini yake akaandika nisimwambie baba.

Nilimwamsha mama, jambo ambalo halikuruhusiwa baada ya zamu ya usiku. Alinitazama, kisha akasogea ukutani ili nilale kando yake. Alikuwa anajua. Aliniambia kwamba kwa watu wetu habari kama hii haipiti kwenye simu, kwa sababu simu haiwezi kumshika mtu akianguka. Huletwa na watu. Wanakuja wawili au watatu, wanakaa, wanaomba maji, na mwenye nyumba akishakaa nao ndipo wanasema. Baba mwenyewe alikuwa ametumwa mara nyingi namna hiyo, hadi Bankstown na kwingineko, kwa sababu alijua kusema taratibu. Sasa huenda zamu yake ya kuletewa watu ilikuwa inakaribia, na sheria haikuruhusu watu kuingia nyumbani. "Tuombe apone," mama alisema, "tusilazimike kuwatafuta."

Hakupona. Esta aliniandikia Jumamosi. Usiku na mchana uliofuata nilimwona baba akifagia, akipasi shati lake la kazi na kumtania mama kwamba sasa nyumba nzima iko upande wa kijana, nami nilitabasamu kila alipotazama upande wangu. Nimewahi kufanya mambo magumu zaidi ya hilo, lakini si mengi.

Jumatatu simu iliita kama kawaida. Nilipoona jina la Baba mdogo nilidhani nimekosea siku. Alikuwa amevaa kofia ya timu na ameiegemeza simu kwenye kopo lilelile. Macho yake yalikuwa yamevimba, na baba alipomuuliza, alisema ni baridi. Alibishana kuhusu madereva kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Ilinichukua robo nzima ya mchezo kuelewa: alikuwa amempigia ndugu yake ili watakapokuja watu, baba asiwe bila mtu wa tumbo moja naye. Mama yake alikuwa hajazikwa, naye alikuwa anashangilia mpira.

Saa tatu nilijiandikisha darasani na kuzima kamera. Katika robo ya mwisho kijana aliumia kifundo cha mguu, akatolewa akichechemea, na yule mzee akavaa kofia yake na kuingia. Baba aliinama mbele. "Haya, Mama aamke aone," alisema. "Mpelekee simu, hata kama amelala."

Baba mdogo aliishusha kofia yake machoni. Mimi ndiye niliyesema, "Baba, wanaanza," kwa Kiswahili, na baba akageuka kunitazama kwa mshangao. Hapo ndipo alipoona, nyuma yangu, kupitia dirisha, watu wawili kando ya sanduku letu la barua. Alikuwa Mzee Amani wa kanisani kwetu, anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu, pamoja na mkewe. Walikuwa wamevaa barakoa. Mzee Amani alikuwa na suti, na mkewe alikuwa na kitenge cha ibada. Watu wa kwetu hawavai hivyo Jumatatu asubuhi.

Baba aligeuka kutoka dirishani. Aliitazama simu. "Ni wewe uliyewatuma?"

"Fungua mlango kwanza, kaka," Baba mdogo alisema. "Mimi niko hapa. Sikati."

Alitoka na soksi miguuni, simu mkononi. Mama alikuwa ameshatoa viti na kuvipanga kwenye nyasi, mbalimbali kama serikali ilivyotaka. Walikaa. Hakuna aliyemgusa mwenzake. Mzee Amani alisema, "Baba Rehema, tunaomba maji," na mimi, Rehema mwenyewe, niliinuka kwenda kuyaleta. Baba alinizuia kwa mkono. Aliingia ndani mwenyewe, akarudi na bilauri mbili, na maji yalimwagika kidogo kila alipopiga hatua. Mzee Amani alishusha barakoa, akanywa taratibu mpaka mwisho, akaiweka bilauri kwenye nyasi, kisha akasema.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akitoa mapipa ya taka, alisimama na kuvua kofia yake.

Baba aliokota ile bilauri tupu kwenye nyasi, akaipangusa. Kisha aliinua simu usawa wa uso. Nilidhani angeuliza saa, au hospitali, au mazishi.

"Siku ile," alisema. "Kweli Mama alimtaka kijana?"

"Hapana, kaka. Nilikudanganya. Nilitaka ufurahi." Sauti ya Baba mdogo ilikatika, na safari hii haikuwa mtandao. "Hata walipomtia kwenye gari la wagonjwa aliniuliza kama mzee atacheza."

Baba alicheka. Kilianza kama kicheko halisi, kifupi, cha mtu aliyeshindwa na kufurahi kushindwa, kisha kikageuka, na mke wa Mzee Amani akasahau sheria, akainuka kitini na kumshika. Nyuma ya kilio chao, kwenye simu, mtangazaji alikuwa anapaza sauti. Yule mzee alitupa mpira wa mwisho, mrefu, na ukaanguka chini bila kushikwa na mtu. Timu ikafungwa. "Mama angesema alisukumwa," baba alisema, akiwa bado begani mwa mke wa Mzee Amani.

Siku hizi nyumba yetu haikosi wageni. Viatu hujaa mlangoni hadi mtu anaondoka na cha mwenzake, na msiba ukitokea sebule haitoshi. Simu zetu ni nzuri, na televisheni yetu wenyewe inaonyesha mchezo, mpira unaonekana hadi nyuzi zake. Hakuna goti kwenye pembe ya picha. Nasoma chuo, na Jumatatu nisipokuwa na darasa la asubuhi nakaa na baba tukila mandazi. Yule kijana wa wakati ule ameshafanyiwa upasuaji wa goti na kasi yake imepungua. Timu imeleta mwingine, mdogo kwangu kwa sura, na mjini kwa Baba mdogo watu wameanza kusema dereva wao amezeeka.

Baba hataki kusikia. Wiki iliyopita alimtetea kuanzia mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Mimi sina maoni yoyote kuhusu madereva, sijawahi kuwa nayo, lakini lazima mtu ashike upande wa kijana, la sivyo Bibi atamshinda nani?

"Baba, huyo miguu imeisha," nilimwambia. "Mimi namtaka huyu mpya."

Aliweka andazi chini, akafuta vidole, akajifunika vizuri blanketi lake magotini.

"Kaa kimya," alisema. "Wewe hujui mupira."