Jivu la Mkoko na Kunde Zangu

Juzi nilirudi nyumbani Mtawanya kwa likizo, na kabla sijavua viatu mama akanituma dukani nikalete robo ya maharage. Robo, rafiki yangu. Nilisimama pale nikimwangalia muuzaji anavyoyafunga kwenye kifuko, nikaona aibu nisiyojua imetoka wapi. Kwa bibi hatukuwa tunanunua robo ya kitu.

Acha nikueleze. Mimi tangu mdogo sili chenye damu, wala mayai, wala maziwa. Sina sababu ya kujivunia, mdomo ulikataa tu. Kwenye maulidi nyama niliyopakuliwa niliifunga pindoni mwa kanga, nikashinda nanuka pilau siku nzima. Kwa watu wa huku, ambao mto unawalisha samaki, mtoto wa namna hiyo ni mtihani. Mjomba, aliyetuletea perege na kuni za mikoko kutoka delta, hakuchoka kunisema. "Huyu mbuzi. Kesho mfungeni kamba nje, mtapunguza gharama."

Wengine walitaka nilazimishwe. Bibi ndiye aliyekata shauri, nikiwa darasa la nne. "Mke mwenzangu," akaniita kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "asiyekula samaki hakai na jiko tupu. Masika barabara ikikatika, wenzio watakula ng'onda, samaki wao wa kukausha. Wewe utakula maneno?" Akanipa sharti: niujaze uchaga wake chakula changu kabla ya masika. Nikishindwa nitakula wanachokula wenzangu, na nisilie.

Uchaga ulikuwa wa fito, juu ya mafiga, mweusi kwa moshi. Nikaanza. Mchele tulikuwa nao. Makopa ya muhogo tuliyaanika juu ya bati, kazi yangu kufukuza kuku. Nazi kavu nilizitikisa sikioni moja moja, isiyolia maji naiweka pembeni. Majani ya kunde tuliyachemsha kidogo, tukayaanika mpaka yakawa kama tumbaku. Ufuta ulivyonukia ukikaangwa, mpaka leo nikiusikia popote nasimama. Na korosho, ambazo nakiri zilipungua bila panya.

Lakini tegemeo lilikuwa kunde za mlau, zile zinazopandwa mto ukishashusha maji. Bibi alinifundisha kuzianika, kuzipeta, halafu kuzichanganya na majivu mtungini ili fukusi wasizitoboe. Siku ya kuchanganya yeye alikwenda msibani Mahege. Nikataka arudi akute kazi imekwisha. Nikazoa majivu jikoni, meupe, laini kama poda, nikachanganya, nikaufunga mtungi kwa kitambaa na udongo. Nilijiona mtu mzima.

Mvua za vuli zilipoanza tukaufungua. Harufu ilinipiga usoni. Kunde zimelowa, zimeshikana, zimeota ukungu wa kijani. Bibi akachukua jivu kidogo, akalionja kwa ncha ya ulimi.

"Hili la mkoko."

Mkoko unakunywa maji ya bahari, akanieleza, jivu lake lina chumvi, na hewa ikiwa na unyevu chumvi inalia, inatoa maji. La kuhifadhia ni la kuni za shambani. Kila mtu wa huku anajua hilo. Mimi sikujua.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Perege wanakusubiri, bibie. Hata macho hawajafumba."

Sikulia. Niamini, maana mimi hulia kwa vitu vidogo. Jirani yetu, mama mmoja mkali, alikuwa bado ana magunia ya mbaazi kwenye maganda. Ilibidi nikaombe kazi, mimi ambaye hata kuitikia jina darasani ilikuwa shida. Nikasimama mlangoni kwake sijui muda gani.

"Wewe mtoto umetumwa au umepotea?"

"Nataka kukupuria mbaazi," nikaiambia miguu yangu. "Unilipe mbaazi."

"Sema tena, hata kuku hawajakusikia."

Nikasema tena, kwa sauti. Likizo nzima ya Desemba nilipiga maganda kwa fimbo, vumbi likiniwasha shingoni, viganja vikatoka malengelenge. Mbaazi zangu nilizichanganya na jivu la kuni za mkorosho, nimelionja kwanza mwenyewe.

Masika yakaja, barabara ikakatika. Perege hakuingia kwenye sahani yangu, wala ng'onda. Mjomba, aliyekwama kwetu kwa ajili ya tope, alijipakulia mbaazi za nazi mara mbili. Bibi alinitazama tu, akaendelea kula.

Bibi alifariki mwaka juzi. Jiko lake limebomolewa, pale sasa kaka analaza pikipiki. Fito za uchaga ziligeuzwa kuni. Mimi nilikuwa shuleni, nilisimuliwa tu. Mama si mvivu, anafanya kazi kuliko sote. Ila siku hizi kila mtu anakula anachokiona leo, hakuna anayejua Novemba atakula nini Aprili. Nadhani hicho ndicho kilichoondoka na bibi: kuijua miezi kabla haijafika, na kutoiogopa.

Jana nilibeba debe la choroko kutoka kwa shangazi, kichwani, njia nzima. Mama akaniuliza nani atazitunza mimi nikirudi shule Januari. Nikachukua ungo, nikakaa uani, nikaanza kupeta.