Tumbo Tupu la Kuhe

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Afisa Uvuvi wa Wilaya pale Mpanda alinikabidhi kisu, daftari na barua ya kunipeleka Ikola, ziwani Tanganyika. "Kule utaitwa Bwana Samaki," akaniambia. "Usivimbe kichwa. Hata mimi waliniita hivyo, na kuogelea sikujua." Nikadandia lori la mizigo. Nilifika mifupa yote inalia, vumbi mpaka kwenye kope.

Kazi yetu sisi wasaidizi ilikuwa kukaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Tulipima urefu, tukaandika aina, tukapasua matumbo kujua samaki anakula nini. Nyie mnaoajiriwa leo mnapiga picha kwa simu mnatuma. Sisi tulinusa, bwana! Samaki niliyepangiwa kumfuatilia ni kuhe. Ni mkubwa, wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na anakula samaki wadogo. Hayo niliyapata chuoni, na kusema kweli ndiyo yote niliyokuwa nayo.

Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, nataka wakubwa wanione. Wiki nzima nikapasua kuhe, na kila tumbo tupu. Utumbo umenywea, nyama imelegea. Nikaingiwa na hofu. Nikaandika ripoti kwamba kuhe wa Ikola wana ugonjwa na wasiliwe. Lori likaipeleka Mpanda, likarudi na barua yenye muhuri: marufuku kuuza kuhe hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Shimo lilichimbwa mimi nimesimama juu yake na daftari langu. Samaki waliobanikwa wakamwagwa humo, matenga kwa matenga. Wengi walikuwa wa Mama Stella, mjane aliyeishi kwa kubanika kuhe na kumpelekea mnunuzi wa Mpanda. Ndiye aliyekuwa akinipikia tangu nifike. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Haya baba, wewe ndiye msomi."

Majuma kama mawili yakapita bila mimi kukanyaga kwake. Mchana mmoja nikajikaza, nikaenda. Watoto watatu walikuwa kwenye ugali na mlenda, mama yao amekaa pembeni anachambua maharage.

"Mama, mbona huli?"

"Nimeshiba."

Stella, binti yake mkubwa, akasema bila kuinua kichwa, "Mama anashiba hivyo tangu samaki wafukiwe."

Niliona aibu, jamani. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Stella akamkaripia binti, kisha akanigeukia mimi, na safari hii hasira ilikuwa wazi usoni.

"Hao kuhe uliowapasua uliwatoa wapi?"

"Hapa karibu na ufuko, kwa wavuvi wa ndoano."

"Basi ulipasua wazazi! Kuhe akiwa na watoto hali. Anakuja maji mafupi, dume na jike, wanalinda. Ndoano anaiuma kwa sababu imesogelea watoto, si kwa njaa. Nimepasua samaki tangu sijaolewa, mimi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuja na muhuri."

Asubuhi yake kaka yake Mama Stella, mvuvi, alinipakia kwenye mtumbwi. Maji ya Tanganyika ni maangavu, kwa hiyo niliona mwenyewe. Chini, kwenye mchanga uliofagiliwa safi, kuhe wawili walikuwa wanazunguka, na katikati yao vifaranga wamejaa kama pumba zilizomwagika majini. Samaki mwingine akisogea, dume anamtimua, anarudi mahali pake. Wamekonda wote wawili. Baadaye nilisoma kwamba wengi wao huzaa mara moja tu maishani, wakishalea wanakufa. Tukaenda mbali, kwenye kina kirefu, tukavua kuhe wasio na watoto. Nikapasua palepale mtumbwini. Dagaa tele tumboni.

Nikarudi Mpanda kwa lori lilelile. Njia nzima nilikuwa natunga uongo: labda ugonjwa umepona, labda maji yamebadilika. Nilipofika mbele ya meza ya Afisa, uongo ukanikauka mdomoni.

"Mzee, nilikosea. Hakuna ugonjwa."

"Unajua naweza kukuandikia hufai kazi?"

"Najua."

"Na samaki wa watu?"

"Wamefukiwa, mzee."

"Basi utaandika kwa mkono wako, na utasoma kwa mdomo wako, mwaloni, watu wote wakiwepo. Mimi nitakaa nyuma."

Kweli alikuja akakaa nyuma, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilisoma kwa sauti. Nilitaja kosa langu, nikamtaja Mama Stella kwamba ndiye aliyenifundisha, nikaomba radhi. Wavuvi wakapiga makofi, mmoja akanitania kwamba sasa nimekuwa mwenyeji. Marufuku ikafutwa siku hiyohiyo. Lakini mnunuzi wa Mpanda alishasikia neno ugonjwa, na hakurudi tena kununua kwa Mama Stella. Mama huyo alihamia kwenye kilimo cha mihogo, na hakuwahi tena kubanika kuhe.

Majaribio yangu yaliongezwa, cheo kikachelewa. Hilo sikulilalamikia hata siku moja. Nilihamishwa vituo vingi baada ya hapo, nikafika kuwa mkubwa wa wengine, nikastaafu vizuri, namshukuru Mungu. Wasaidizi wangu walinichoka kwa swali moja: umemuuliza nani kabla ya kuandika?

Siku ile mwaloni, watu walipotawanyika, nilimfuata Mama Stella nikamuuliza kama amenisamehe. Alifunga kanga yake vizuri.

"Umekosea mbele ya watu, umeomba radhi mbele ya watu, na mbele ya watu nimekusamehe," akasema. "Nyumbani kwangu bado."

Nilikaa Ikola miaka minne zaidi. Tulisalimiana kila siku, vizuri tu. Mlangoni kwake hakuniambia karibu tena.