Pikipiki Isiyo na Kiti

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka mingi kazi yake mjini Nakuru imekuwa vitanda vya deka, vile vya juu na chini, vya shule za bweni, na nadhani nusu ya wanafunzi wa huku wamelala juu ya jasho lake. Lakini kabla ya vitanda aliajiriwa kuosha magari kwenye shamba moja kubwa upande wa Gilgil. Mwana wa mwenye shamba alikuwa na pikipiki ya kupanda miamba, ya ule mchezo ambao mpandaji husimama wima na kujizuia asiguse chini kwa mguu. Mume wangu aliiosha miaka mitatu. Hakuipanda hata siku moja, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Basi akaamua kuunda yake. Injini aliitoa kwenye bodaboda iliyogongwa, injini ya four-stroke isiyochoma oili, kwa sababu ile ya Gilgil ilijaza moshi na kelele, naye alitaka kitu cha kupanda mlima polepole bila kugombana na majirani. Fremu aliipinda mwenyewe. Miaka miwili sebule yangu ilinuka oili. Ilipokamilika tuliipima kwa mzani wa viazi hapa nyumbani Dundori, ikawa nyepesi kuliko gunia letu la lumbesa, lile linalojazwa kupita mdomo. Mimi mwenyewe nilikuwa naiinua gurudumu moja moja na kuisogeza kando nikitaka kufagia.

Shida ilikuwa moja tu, na kila aliyepita njiani aliiona.

"Boss, na kastoma atakaa wapi?"

"Hakai."

"Na wewe?"

"Hata mimi sikai."

Walimtazama kwa huruma, kisha wakanitazama mimi kwa huruma zaidi.

Kanisani kwetu chombo kipya hakianzi kazi kabla ya kuombewa, na mzazi wa mwenye chombo ndiye hutangulia kukiwekea mkono. Baba mkwe alitaka kijana wake awe mwalimu, na hajawahi kusifu hata geti moja alilotengeneza. Alikuja, akaizunguka mara moja.

"Hii kitu haijaisha," alisema. "Siwezi kuombea kitu nusu. Ukiweka kiti, niite."

Mume wangu aliirudisha pikipiki uani. Siku mbili alikula kidogo sana. Jumamosi asubuhi nikamkuta uani ameshika kipande cha bomba na sponji ya kochi, anapima mahali pa kiti. Mimi niliyeicheka pikipiki hiyo miaka miwili nilipandwa na hasira ambayo sikujua nilikuwa nayo. Nilimwambia akiweka kiti, basi na alale hapo hapo juu yake. Nikachukua vijiti vyake vya kuchomelea, vyote, nikavificha ndani ya pipa la unga.

Jumapili alipanda ngazi za kanisa akiwa amesimama juu ya pikipiki, ngazi zote, bila mguu kugusa chini. Akina mama wa kwaya walitawanyika na vitabu vyao. Mchungaji akamwita mzazi. Mzee alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, na mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kujifungua.

Hatimaye nikasikia bakora yake sakafuni. Alifika, akapitisha kidole gumba juu ya kila kiungo cha chuma, taratibu, kama mtu anayetafuta kosa na kulikosa. Kisha akaweka mkono.

"Bwana," aliomba, "huyu mtoto wangu hajawahi kukaa chini tangu umlete. Mimi nilijaribu, walimu wakajaribu, na huyu bibi yake nafikiri pia amejaribu. Sasa amejitengenezea yake. Ni kazi safi. Mshikilie asianguke."

Kanisa zima lilicheka. Mimi nililia waziwazi, na sioni haya kusema. Mume wangu aliinama haraka, akajifanya anafunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa gambuti za mpira.